Mkasi wa mhariri usikate urafiki

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo hunijia kila ninapoketi mbele ya tarakilishi kuhariri kanda za mchezo ambao hatuuchezi peke yetu. Mimi na marafiki zangu watatu hucheza Baldur's Gate 3, mchezo wa kuigiza uliotolewa mwaka wa 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, ambao huwaruhusu watu wanne kusafiri pamoja kama kundi moja. Huyu huwa mchawi, yule mpiganaji, mwingine mwizi. Vita hupiganwa kwa zamu, na mambo mengi huamuliwa na dadu yenye nyuso 20.

Tuliafikiana kuigeuza safari yetu kuwa mfululizo wa vipindi vya nusu saa, nami nikaitwaa kazi ya kuhariri. Asiyeijua kazi hii atadhani ni mzaha. Kila mchezaji hurekodi skrini yake na sauti yake. Kikao cha saa tatu basi huzaa saa 12 za kanda, na ikiwa kila saa ina gigabaiti tisa, hizo ni gigabaiti 108 za kupekuliwa. Mwanzoni mwa kila kikao mmoja wetu huhesabu hadi tatu, sote tukapiga kofi. Kofi hilo ndilo hunisaidia baadaye kuzipatanisha kanda zote nne.

Hapana shaka kwamba kukata ni lazima. Hakuna mtazamaji atakayevumilia kutuona tukipanga mizigo kwa dakika 40. Hata kundi la Critical Role la Marekani, lililoanza kuonyesha vikao vyake vya Dungeons & Dragons mwaka wa 2015, liliifupisha mno hadithi yake ilipogeuzwa katuni ya The Legend of Vox Machina mwaka wa 2022. Lakini katuni hutazamwa kama hadithi iliyoandikwa upya. Sisi huwaambia watazamaji kwamba hivi ndivyo tulivyocheza. Hapo ndipo penye amana.

Amana hiyo niliwahi kuivunja. Siku moja mwenzetu alikabiliana na mlinzi wa lango. Alinyamaza, akatafakari, akatuuliza shauri, nasi sote tukamwambia ajaribu kumshawishi. Dadu ikaangukia moja, nambari ambayo katika mchezo huo haina msamaha. Vita vikazuka na wawili wetu wakaanguka. Nilipokuwa nikihariri, niliuondoa ule ukimya pamoja na shauri letu, kisha nikapachika kicheko tulichokicheka saa moja kabla kwa jambo jingine kabisa. Kipindi kikachangamka. Mwenzetu akaonekana mpumbavu aliyekurupuka na kuwaponza wenziwe, naye akachekwa na watu asiowajua.

Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ndugu yangu, huyo uliyemwonyesha si mimi." Jumamosi mbili zilizofuata hakuja kucheza.

Kuna watakaoniambia kwamba vichekesho havikosi wa kuchekwa, na kwamba utani ni jambo la kawaida baina ya marafiki. Sikatai. Hata hivyo, utani una watu wawili: unanitania, nami ninakujibu. Mtu aliyekatwa maneno yake ndani ya kanda hana nafasi ya kujibu. Mhariri ameushika mkasi, na pia ameushika ulimi wa mwenzake.

Nilikihariri upya kipindi kile, nikaurudisha ukimya na shauri letu. La ajabu ni kwamba kilipendeza zaidi, kwa sababu sasa mtazamaji aliingoja dadu pamoja nasi, naye akajua kwamba kosa lilikuwa letu sote. Tangu hapo tumejiwekea sheria tatu. Tutafupisha lakini hatutabadilisha mfuatano wa mambo. Kicheko kitabaki pale kilipochekwa. Na hakuna kipindi kitakachotolewa kabla sote wanne hatujakitazama, na kila mmoja awe na haki ya kukizuia.

Vijana wengi wa siku hizi wanaihariri michezo yao, na ni jambo la kutia moyo. Ombi langu kwao ni kwamba wajifunze mapema kuziheshimu sauti walizokabidhiwa. Mwenzetu alirudi mchezoni. Lakini siku hizi, kabla ya kusema neno, huuliza kwanza kama tunarekodi.