Je, Wajua? Protini inayopenya utando mara 10

Kimelea hatari zaidi cha malaria kina protini iitwayo PfCRT: mnyororo mmoja wa asidi amino 424, unaopenya utando wa kifuko chake cha kumeng'enyea chakula mara 10, huku na huku, kama uzi wa mshonaji. Kila kipande kilichozama kwenye utando kimejisokota, na upande unaogusa mafuta umejaa asidi amino zinazokwepa maji. Katikati pana uwazi. Humo, kwenye nafasi ya 76, laisini yenye chaji chanya ilibadilika kuwa threonini. Dawa ya klorokwini, nayo yenye chaji chanya, haikusukumwa tena na chaji ya laisini, ikapata njia ya kutolewa kifukoni kabla haijakiua kimelea. Badiliko dogo, hasara kubwa mno! Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.