Neno Lipo, Kivinjari Chasema Halipo

Fungua ukurasa wa maelekezo ya kusakinisha kubeadm, zana ya kuanzishia Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena za programu), kisha bonyeza Ctrl na F utafute neno setenforce. Kivinjari kitajibu kwamba halipo. Lipo! Limekaa ndani ya kichupo cha watumiaji wa mifumo ya jamii ya Red Hat, ilhali ukurasa umefunguka kwenye kichupo cha Debian. Na si neno la kupuuzwa: ndiyo amri inayoifanya SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux, ionye bila kuzuia, ili kontena zifikie mafaili ya mashine.

Jambo hili limenikaa rohoni kwa sababu nia ya vichupo ni njema: kila msomaji aone amri zake, asisumbuliwe na za jirani. Ila kivinjari hakitafuti ndani ya kisichochorwa. Ukichapisha ukurasa kwenye karatasi, mara nyingi yaliyofichwa hubaki nje pia.

Heydon Pickering, msanifu wa tovuti wa Uingereza aliyeandika Inclusive Components, akijenga vichupo huanza na orodha ya viungo, na chini yake sehemu zote zikiwa wazi. Vichupo hujengwa juu ya msingi huo kwa JavaScript; ikikwama, maandishi yanabaki kamili. Kisha, kwa uangalifu unaogusa moyo, anamfikiria asiyetumia kipanya. Kwa mtu huyo, mishale ya kulia na kushoto ihamishe kichupo, na wa chini umwingize msomaji kwenye maudhui, asije akayapita bila kujua yamefunguka. Na kiungo kinachompeleka mtu ukurasa mwingine kisitambulishwe kwa kipofu kuwa ni kichupo, kwani ataahidiwa kitu asichokipata.

Tangu 2022 Chrome inaweza kutafuta ndani ya yaliyofichwa na kuyafungua yenyewe, mradi mjenzi wa tovuti aweke alama ya hidden="until-found". Ni kazi ndogo mno kuachwa bila kufanywa.

Docusaurus, zana ya kujengea tovuti za maelekezo, nayo huweza kukumbuka chaguo la msomaji, ikamfungulia kichupo kilekile kila ukurasa. Hapo mwenye Windows akimtumia kiungo mwenzake wa Linux, kila mmoja anaweza kuona amri tofauti na kudhani wanasoma kitu kimoja. Watajuaje? Na nani huamua ni mfumo wa nani utangulie, wa nani usubiri kubofywa?