Tundu, Mdomo na Mfuko katika Meza ya Puli

Mfasiri akimwandikia fundi wa Majengo, Dodoma, "punguza tundu la meza ya puli", fundi huenda akalijaza tundu na kuliharibu bamba la jiwe bure. Hapana budi kutofautisha istilahi tatu. Tundu ni uwazi uliokatwa mezani. Mfuko ni kipokeacho mpira chini yake. Mdomo ni nafasi baina ya ncha mbili za kingo za raba. Kinachobanwa ni mdomo. Kwa kanuni za kimataifa, mdomo wa kona ni sentimita 11.4 hadi 11.7, yaani takriban upana wa mipira miwili. Ukizidi, fundi hugandisha vipande vya raba ngumu, vyenye unene sawa, kwenye ncha zote mbili, chini ya kitambaa. Basi na tuandike: "bana mdomo".