Fidla na Piano kwa Jirani Zetu wa Nairobi



Katika jiji la Nairobi, nchi jirani ya Kenya, si jambo geni chama cha muziki kutangaza kwamba jioni fulani watu wawili tu, mmoja akishika fidla na mwenzake akiwa ameketi mbele ya piano, watatumbuiza ukumbi mzima. Tangazo la namna hiyo linapobandikwa, wapita njia wengi husema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Askari aliyepangiwa lindo mlangoni usiku huo huenda naye akawaza hivyo hivyo. Yafaa basi tueleze tumbuizo la aina hii ni kitu gani, na kama kweli lina mwenyewe mmoja tu.

Tuanze na vyombo. Fidla ina nyuzi nne, nayo ilipata umbo lake la sasa kaskazini ya Italia katika karne ya 16. Hupigwa kwa uta wenye singa za farasi, zilizopakwa utomvu mkavu ili ziukamate uzi na kuutikisa. Shingoni mwake hamna alama ya kuuongoza mkono. Kidole kikikosea kwa upana wa ukucha, sauti huenda kombo. Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, yapata mwaka 1700. Ile ya kisasa ina vibonyezo 88, na kila kimoja kikibonyezwa hurusha nyundo ndogo ikagonga nyuzi za chuma. Sauti zake hupangwa na fundi kabla ya watu kuingia. Mpigaji hawezi kuzisahihisha akiwa ukumbini.

Kila chombo, kwa hiyo, kina upungufu ambao mwenzake huuziba. Fidla huweza kushikilia sauti moja ikakua na kupungua kama pumzi ya mwimbaji, lakini haiwezi kutoa sauti nyingi kwa mara moja. Piano hutoa sauti nyingi pamoja, lakini kila sauti huanza kufifia papo hapo nyundo ikishagonga. Tena hakuna mkuu wa bendi anayesimama mbele yao na fimbo, kama ilivyo katika bendi zenu za gwaride. Wawili hawa huongozana kwa kutazamana, kusikilizana, na kuvuta pumzi pamoja. Askari waliowahi kushika doria ya watu wawili usiku wa giza hawahitaji kuelezwa zaidi maana ya jambo hilo.

Sasa tuje kwenye historia, nayo haina budi kusemwa bila kuficha. Chuo cha muziki kilichokuja kuitwa Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa Nairobi mwaka 1944, na Nairobi Orchestra ikafuata mwaka 1947. Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa lilifunguliwa Novemba 1952, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Katika miaka iliyofuata, wananchi kwa maelfu walitiwa kizuizini makambini. Nairobi ya wakati huo iligawanywa kwa rangi, mitaa, shule na starehe. Mzee aliyeishi siku zile akiisikia fidla na kukumbuka mlango aliofungiwa, hana kosa.

Lakini kosa la mwenye ukumbi si kosa la fidla. Tarehe 24 Mei, 1803, mjini Vienna, Beethoven aliketi kwenye piano kupiga kwa mara ya kwanza sonata yake ya tisa ya fidla na piano. Fidla ilishikwa na George Bridgetower, kijana mwenye asili ya Kiafrika kwa upande wa baba yake, ambaye kwa ajili yake kazi hiyo ilitungwa. Wino ulikuwa haujakauka: sehemu ya pili ilimbidi Bridgetower aisome katika karatasi za mtunzi mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuinakili. Baadaye wawili hao waligombana, na kazi ikatolewa kwa jina la Rodolphe Kreutzer, mpiga fidla Mfaransa ambaye hakuipiga kamwe hadharani. Hata leo hujulikana kwa jina la Kreutzer. Mtu wa asili yetu alikuwamo tangu mwanzo. Kilichofutwa ni jina lake.

Wala kupiga uzi kwa uta si jambo tulilofundishwa na wageni. Wajaluo wa Kenya wana orutu, Waganda wana endingidi, na Wagogo wa Dodoma wana zeze, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilitembeza duniani. Nayo fidla imekaa katika taarab ya Unguja kwa miaka mingi, ikawa mwenyeji. Sababu yake ni ile ile shingo isiyo na alama: kidole huweza kuzifikia sauti zilizo katikati ya vibonyezo viwili vya piano, ambazo muziki wenye asili ya Kiarabu huzihitaji. Kile kinachomtia shida mwanafunzi ndicho kilichokifanya chombo kiwe huru.

Huko Nairobi milango nayo haikubaki ilivyokuwa. Tangu mwaka 2008, mpango uitwao Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto wa Korogocho, mtaa ulio jirani na jalala la Dandora, kupiga fidla na vyombo vingine. Mtoto wa mtaa ule anapoingia ukumbini na fidla mkononi, haombi aazimwe utamaduni wa mtu. Anachukua nafasi ambayo baba wa babu yake alinyimwa.

Ndugu askari, yawezekana siku moja, hapa kwetu au katika safari ya kikazi kwa jirani, ukajikuta kwenye tumbuizo kama hili, umealikwa au umewekwa lindo. Jua kwamba kazi kubwa hugawanywa sehemu tatu au nne, na makofi hungoja mpaka sehemu ya mwisho. Kimya kinachokaa kati ya sehemu si dalili kwamba watu wamechoshwa. Punguza sauti ya redio yako ya mawasiliano, ulegeze hatua ya buti, kisha usikilize. Aliye mlangoni huweza kusikia sawa na aliyelipa kiti cha mbele, maadamu hajajiambia kwamba kinachopigwa ndani hakimhusu.