Kuongeza vyumba nyumbani: pesa zisitangulie kazi

Familia inapokua, wakazi wengi wa mji wa Garissa huongeza chumba kuliko kuhama. Kijana ameoa, mama mzee ametoka Balambala kuja kuishi karibu na hospitali, au mwenye nyumba anataka vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya boma. Kazi yenyewe ni ndogo ikilinganishwa na jengo jipya, na kwa sababu hiyo makubaliano mara nyingi hufanywa kwa mdomo, kwa kupeana mikono na kutuma pesa kwa simu. Miezi mitatu baadaye kuta zimefika kwenye linta, mkandarasi hashiki simu, na familia inalala kwenye nyumba iliyotobolewa ukuta upande mmoja.

Chanzo cha mizozo hii si ufundi mbaya peke yake. Mara nyingi ni malipo kutangulia kazi.

Chukua mfano wa vyumba viwili na bafu, kazi na vifaa pamoja, kwa bei ya shilingi 800,000. Mwenye nyumba analipa nusu siku ya kwanza, yaani 400,000. Msingi ukikamilika, kazi iliyofanyika ina thamani ya takriban 250,000. Zile 150,000 zilizobaki zimekwishalipia vibarua na saruji kwenye kazi nyingine ya mkandarasi huyo huyo, mtaa mwingine. Mwenye nyumba akimfukuza, fundi mpya atadai 550,000 kumalizia, naye amebaki na 400,000 tu. Kwa hiyo hafukuzi, bali anabembeleza. Mkandarasi analijua hilo, na ndiyo maana kila wiki atakuja na ahadi mpya.

Kazi hiyo hiyo ingeweza kugawanywa hivi: 80,000 za kuanzia, 170,000 msingi ukikamilika, 200,000 kuta zikifika kwenye linta, 190,000 paa likiezekwa, 120,000 lipu, sakafu, milango na madirisha vikimalizika, na 40,000 za mwisho zikizuiliwa kwa muda. Jumla ni ile ile 800,000. Tofauti ni kwamba hakuna siku ambayo pesa nyingi za mwenye nyumba ziko mfukoni mwa mtu ambaye hajazifanyia kazi. Mkandarasi akisema hawezi kuanza bila nusu ya pesa kwa sababu ya vifaa, mwenye nyumba anaweza kununua saruji, vyuma na mabati mwenyewe dukani, akamlipa mkandarasi ufundi tu. Kuna usumbufu, lakini stakabadhi zinabaki kwa mwenye mali.

Mpangilio huo uandikwe. Wapo wanaoona kuandikiana na jirani au mtu wa ukoo ni kumvunjia heshima. Ikumbukwe kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Karatasi moja inatosha: vipimo vya vyumba, aina ya matofali na mabati, bei, hatua za malipo, tarehe ya kumaliza, na nani analipia maji.

Hilo la maji si dogo katika Garissa. Zege na matofali ya saruji hayakauki kama nguo. Saruji hushika nguvu kwa kuungana na maji, na jua la hapa, linalopita nyuzi 35 mchana katika miezi yenye joto zaidi, huyafukuza maji hayo kabla kazi haijaisha. Zege jipya linatakiwa kubaki na unyevu kwa siku 7 au zaidi. Linaendelea kupata nguvu hadi kufikia kipimo cha kawaida cha siku 28. Linapoachwa kavu baada ya siku moja, uso wake unakuwa wa vumbi na nyufa ndogo ndogo. Lakini maji hayo yanabebwa na mkokoteni wa punda, na kila safari ina bei yake. Kama makubaliano hayasemi nani analipa, mkandarasi ataona ni kazi ya mwenye nyumba, mwenye nyumba ataona ni ya mkandarasi, na zege litakauka wakibishana. Kufunika zege kwa magunia yaliyoloweshwa hupunguza gharama sana. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike kwenye zege lenye vyuma, kwa kuwa chumvi huozesha chuma kutoka ndani na uharibifu hauonekani hadi zege lipasuke.

Kuongeza chumba kuna tatizo lake ambalo jengo jipya halina, nalo ni maungio. Nyumba ya zamani imekwisha kutulia juu ya udongo wake. Msingi mpya bado utazama kidogo ukipata uzito. Ufa mwembamba ulionyooka pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani si lazima uwe dalili ya kazi mbovu. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha na kuzidi kupanuka ni habari nyingine, hasa palipo na udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Anayetaka kujua aweke alama ya kalamu na tarehe kwenye ncha za ufa huo, kisha apige picha kila wiki. Ushahidi wa aina hiyo una uzito kuliko makelele.

Paa nalo lina majira yake. Kuunganisha paa jipya na la zamani kunalazimu kufumua sehemu ya nyumba ambayo watu wanalala. Kazi hiyo ikipangwa kati ya Juni na Septemba, baada ya Gu na kabla ya Deyr, kuchelewa kwa wiki mbili ni kero tu. Ikipangwa mwishoni mwa Oktoba, ni godoro kulowa.

Si kila ucheleweshaji ni hila. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji ya Mto Tana yalifunika barabara upande wa Madogo na Mororo, na malori yaliyobeba bidhaa kutoka Nairobi yakakwama. Mkandarasi aliyesimama wakati huo alikuwa na sababu. Mkataba mzuri husema mkandarasi ataongezewa siku barabara ikikatika, na pia husema nini kitafanyika akiacha kazi bila sababu kwa siku, tuseme, 14.

Kabla ya jembe la kwanza kuna mambo mawili ya kisheria. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Maneno ya mkandarasi kwamba "hiyo ya kaunti niachie mimi" hayamkingi mwenye nyumba. Aombe kukiona kibali chenyewe. La pili, Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 inamtaka kila mkandarasi awe amesajiliwa. Usajili una madaraja manane, NCA1 hadi NCA8, na leseni hufanywa upya kila mwaka, kwa hiyo cheti cha miaka mitatu iliyopita hakithibitishi chochote.

Bei ikianza kupanda katikati ya kazi, Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inasaidia. Makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma haruhusiwi kudai zaidi ya asilimia 10 juu yake. Kwa mfano wetu, mwisho ni 880,000. Kinga hiyo haimfai mwenye nyumba aliyeomba dirisha kubwa zaidi, vigae na tangi la maji kazi ikiwa inaendelea. Hizo ni kazi za ziada, na ni haki mkandarasi alipwe. Kila ziada iandikwe na bei yake siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe wa simu.

Mzozo ukishindikana kusuluhishwa, wengi hukimbilia polisi. Kuchelewa au kujenga vibaya ni suala la madai, na polisi watasema hivyo. Ni tofauti ikiwa mtu alichukua pesa kwa udanganyifu tangu mwanzo; hilo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Wengine huenda kwa Kadhi, lakini Ibara ya 170 ya Katiba inaipa mahakama hiyo mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, si mikataba ya ujenzi. Wazee wanaweza kusuluhisha, na Ibara ya 159 inahimiza njia hiyo. Wanachoamua kiandikwe na kutiwa sahihi na pande zote. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili. Afisi ya msajili katika Mahakama za Garissa itaeleza mahali pa kuwasilisha madai. Aende na mkataba, taarifa ya M-Pesa, picha zenye tarehe na, ikiwezekana, makadirio ya fundi mwingine kuhusu gharama ya kurekebisha. Dai la mkataba lina muda wa miaka 6, lakini kuta na kumbukumbu za mashahidi hazisubiri hivyo.

Zile 40,000 za mwisho hubaki mkononi mwa mwenye nyumba hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe juu ya maungio ya paa. Tarehe ya mwisho ya kuzilipa, mvua inyeshe isinyeshe, nayo iandikwe.