BEGA LINAUMA KIASI GANI?

Ukimwuliza mgonjwa wa bega, "Mama, unaendeleaje?" jibu karibu kila mara ni lile lile: "Nafuu kidogo, nashukuru." Ni neno la adabu, nasi tumelelewa nalo. Lakini atasema nafuu yule ambaye hakufumba macho usiku kucha, kwa sababu hapendi kumvunja moyo muuguzi. Atasema nafuu yule aliyekwisha kurudi shambani na jembe lake. Na atasema nafuu yule anayetaka tu aruhusiwe mapema asiachwe na gari. Neno hilo likiandikwa kwenye daftari la matibabu bila kitu kingine, atakayelisoma mwezi ujao hataelewa lolote. Dawa zile zile zitaendelea, nauli itaendelea kulipwa, na huenda mkono unazidi kukaza.

Homa ina kipimajoto na uzito una mizani. Maumivu hayana chombo, anayeyajua ni mwenyewe peke yake. Hata hivyo yanaweza kupimwa, na kazi ya mkono inaweza kupimwa, tena kwa vitu vilivyomo nyumbani mwenu. Mwezi huu tunapenda kuzieleza familia zetu jinsi vipimo hivyo vinavyofanyika, kwa sababu mgonjwa anayevielewa hutibiwa vizuri zaidi.

Kwanza tulifahamu bega lenyewe. Hakuna kiungo mwilini kinachozunguka kama hiki. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea ni kifupi, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kinachokizuia kisianguke ni mfuko wa kiungo pamoja na misuli minne midogo na kano zake. Uhuru huo ndio unaotuwezesha kusuka nywele, kuanika nguo na kurusha wavu. Ndiyo sababu pia bega huharibika kwa njia nyingi, na maumivu yake hayaendi sawasawa na uwezo wake. Yupo mtu ambaye bega linamchoma kama moto lakini mkono unapanda hadi juu. Yupo mwingine asiyelia maumivu yoyote, na mkono wake haufiki kisogoni. Kwa hiyo tunapima mambo mawili, maumivu na kazi, na tunayaandika mbali mbali.

Maumivu tunayapima kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Sifuri maana yake hakuna maumivu kabisa, na kumi ni maumivu makali kupita yote unayoweza kuyafikiri. Baadhi ya wazee hawapendi namba. Kwao tunaweka punje kumi za mahindi mezani na kumwomba bibi asogeze zile zilizo sawa na maumivu yake. Watoto huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia uso unaocheka hadi uso unaolia. Tunauliza maumivu ya wiki iliyopita na si ya dakika ile tu, maana mtu aliyekaa kwenye benchi saa mbili mkono umetulia mapajani atatoa namba ndogo. Tunauliza pia habari za usiku: ukilalia upande ule, unaamka? Mara ngapi? Bega bovu hujulikana zaidi usiku.

Hapa tunaomba jambo moja kwa wanaowasindikiza wagonjwa. Bibi akiulizwa, aachwe ajibu bibi. Mkwe husema "ni nane" kwa huruma, mwana husema "ni tatu tu" kwa kuwa anawaza gharama, na mwenye bega yuko kimya katikati yao.

Kwa upande wa kazi, ipo karatasi ya maswali 13 iliyotolewa Marekani mwaka 1991, ambayo wataalamu huiita SPADI. Maswali 5 ni ya maumivu: yakiwa makali kabisa, ukilalia upande ule, ukichukua kitu kwenye rafu ya juu, ukigusa nyuma ya shingo, na ukisukuma kitu kwa mkono ule. Maswali 8 ni ya kazi: kuosha nywele, kujisugua mgongo, kuvaa fulana ya kuvutia kichwani, kuvaa shati la vifungo, kuvaa suruali, kuweka kitu kwenye rafu ya juu, kubeba mzigo wa kilo 4 na nusu, na kutoa kitu mfuko wa nyuma. Siku hizi kila swali hujibiwa kwa namba 0 hadi 10, na namba kubwa maana yake shida kubwa. Jumla ya maumivu hugawanywa kwa 50, ya kazi kwa 80, kila moja hugeuzwa kuwa asilimia, kisha hutafutwa wastani wa hizo mbili. Mwenye bega zima hupata 0, na 100 ni shida ya mwisho kabisa.

Ni kipimo kizuri, ingawa kinanuka nchi kilikotoka. Akina mama wetu wengi hawana mfuko wa nyuma. Swali ambalo halimhusu mgonjwa huachwa, na jumla hugawanywa kwa yale aliyojibu. Mzigo wa kilo 4 na nusu, tunamwambia afikirie dumu la maji la lita 5, ambalo likijaa lina uzito wa kilo 5. Anaelewa mara moja. Tukishaanza na maswali fulani kwa mgonjwa fulani hatuyabadilishi njiani, la sivyo tutalinganisha papai na embe.

Kwa nyumbani sisi tunapenda zaidi kipimo kingine kilichotokea Kanada mwaka 1995, ambacho hakina maswali ya tayari. Mgonjwa mwenyewe huchagua kazi tatu hadi tano zinazomshinda, na kuipa kila moja namba. Angalia kwamba hapa namba zimegeuka: 0 ni "siwezi kabisa" na 10 ni "naweza kama zamani". Mmoja atasema kujitwisha ndoo, kupalilia na kumfunga mtoto mgongoni. Fundi seremala atasema randa na msumeno. Mwalimu atasema kuandika juu ya ubao. Mtu akijichagulia mwenyewe huona sababu ya kujibu kweli, kwa kuwa ndiyo kazi inayomlisha. Wastani ukipanda kwa namba 2 au zaidi, bega limesogea kweli.

Mwendo wa kiungo hospitalini hupimwa kwa kipimapembe, chombo cha plastiki mfano wa kile cha hesabu za shule, chenye mikono miwili. Mkono mzima hupanda mbele hadi karibu nyuzi 180, yaani kunyoka juu kandokando ya sikio. Nyumbani unatosha ukuta na kipande cha chaki. Simama ukiutazama ukuta, vidole vya miguu vikiwa umbali ule ule kila mara, kisha tembeza vidole vya mkono ukutani kwenda juu kama buibui hadi vinapokwama. Usijipinde mgongo wala kunyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu. Mtu mwingine aweke alama na tarehe. Kisha peleka mkono nyuma kama anayefunga sidiria na uandike dole gumba limefika wapi: takoni, kwenye mkanda, au juu zaidi ya kiuno. Mwisho, bana viwiko mbavuni, vikunjwe, na ufungue mikono kwenda nje kama milango miwili. Linganisha mkono mbovu na mzima. Mlango usiofunguka ni dalili ya mapema ya bega lililoganda.

Ni mara ngapi? Kupima kila siku kunasumbua moyo tu, kwa sababu bega lina siku zake nzuri na mbaya. Mara moja kila wiki mbili kunatosha, wakati ule ule wa siku, na bila kutazama kwanza namba za zamani. Anayejua kwamba alisema 8 mara iliyopita atasema 7 ili asionekane mvivu wa mazoezi.

Tuchukue mfano wa mama mkulima wa miaka 52. Siku ya kwanza maumivu yake ni 40 kati ya 50, kazi ni 56 kati ya 80. Asilimia zake ni 80 na 70, na wastani ni 75. Amefanya mazoezi wiki sita. Sasa anasema, "Linauma vile vile, mazoezi haya naacha." Tunampima: maumivu ni 35, kazi ni 32. Asilimia ni 70 na 40, wastani 55. Ni kweli maumivu yamepungua kidogo sana, na ndiyo anayoyasikia kila usiku. Lakini kazi imetoka 70 hadi 40. Ameanza kuosha nywele mwenyewe na hakuiona kuwa ni hatua. Wataalamu husema tofauti ya pointi 8 hadi 13 kwenye karatasi ile ndiyo mgonjwa huanza kuitambua. Pungufu ya hapo huenda ni siku nzuri tu. Huyu ameshuka pointi 20. Kumwachisha mazoezi sasa ni kumtupia mali yake mtoni.

Mfano wa pili ni kinyume chake, nasi tunauogopa zaidi. Baba amechomwa sindano ya steroidi begani, na maumivu yameshuka kutoka 8 hadi 2. Anafurahi, harudi kliniki. Alama ya chaki ukutani haijasogea hata upana wa kidole. Sindano hiyo hutuliza maumivu kwa majuma kadhaa, na majuma hayo ndiyo nafasi ya kuunyoosha mkono. Akiyaacha yapite, maumivu yanaweza kurudi na kuukuta mkono umekaza vile vile. Mwenye kisukari ajue pia kwamba sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku chache, hivyo aseme mapema.

Bega lililoganda huwapata hasa watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari zaidi kuliko wengine. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii hupimwa sukari hata kama amekuja kwa ajili ya bega tu. Huanza kwa maumivu, hufuata kukaza, kisha huachia polepole, na safari yote yaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo hukimbia huku na huku akitafuta wa kumvuta. Anayeandika namba zake huona ameingia hatua ipi.

Jina hilo la bega lililoganda lilitolewa mwaka 1934 na daktari mpasuaji wa Boston, Marekani, aitwaye Ernest Amory Codman, katika kitabu chake kuhusu bega. Mtu huyu alikuwa na msimamo uliowakera wenzake: kila hospitali ifuatilie kila mgonjwa hadi ijulikane kama matibabu yalifaulu, na kama hayakufaulu, kwa nini. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, na matokeo ya wagonjwa 337 aliowatibu hadi mwaka 1916 aliyachapisha pamoja na makosa 123. Zoezi la kuinama na kuuacha mkono uning'inie ukibembea kama kamba ya ndoo ya kisima linaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Na namba zikigoma? Ikiwa wiki sita za mazoezi yaliyofanywa kweli hazijasogeza kitu, matibabu yabadilishwe. Uwe na haki ya kusema hivyo mbele ya daktari, ukiwa na daftari mkononi. Tutataka kujua kama mkono unashindwa kupanda hata ukiinuliwa na mwingine, maana hapo kiungo kimekaza. Ukipanda kwa kuinuliwa lakini ukianguka ukiachwa, huenda kano imekatika au mshipa wa fahamu umeumia, na chua na dawa za kupaka hazitaunganisha kitu.

Yapo mabega yasiyopaswa kukaa nyumbani yakipimwa hata siku moja. Maumivu ya bega au mkono wa kushoto pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi yaweza kuwa moyo. Mama aliyekosa hedhi, mwenye maumivu ya tumbo chini, kizunguzungu na maumivu ya ncha ya bega, huenda anavuja damu tumboni kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Akimbizwe hospitali usiku huo huo. Bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka lisivutwe na mtu yeyote kabla ya picha ya eksirei. Bega la moto lenye homa laweza kuwa na usaha. Maumivu ya miezi pamoja na kukonda na jasho la usiku yachunguzwe kifua kikuu, ambacho huingia hata kwenye viungo. Mtoto au kijana mwenye selimundu naye asingoje.

Kwa wengine wote, anzeni na ukurasa mmoja wa daftari. Upande wa kushoto tarehe, kisha namba ya maumivu, namba ya usingizi, kazi tatu mlizochagua, na urefu wa alama ya ukutani kwa sentimeta kutoka sakafuni. Siku ya kliniki mje nalo, na hata mkishaachishwa kliniki mpime mara moja tena baada ya miezi mitatu, mtuletee namba hiyo.