Sotoka Ndani ya Seli

Virusi vya sotoka, maradhi yaliyoteketeza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 hata wafugaji wengi wakaangamia kwa njaa, ni vidogo mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Ama yale vitendayo katika seli ya mnyama, hayo huonekana waziwazi, na kwa aliyezoea kuyatazama ni ushahidi wa kutosha.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1950, wataalamu walizitenganisha seli za figo la ndama na kuzilea katika vyombo vya kioo vyenye maji ya lishe, hata zikagandamana na kioo na kutanda tabaka moja lisilo na pengo. Zilipotiwa virusi, hapakudhihiri kitu mara moja. Kisha, hapa na pale, seli zikaanza kuungana zikawa pande moja kubwa lenye viini vingi vilivyosongamana, nyingine zikasinyaa na kutoa ncha nyembamba pande zote, na hatimaye zikabanduka, tabaka likabaki matundu matupu.

Sababu yake ni hii. Kirusi kikishaingia huitumikisha seli ikitengenezee protini zake, na baadhi ya hizo hupanda hadi utando wa nje kungojea virusi vipya vitakavyotoka. Lakini hazikai bure, kwani moja huishika seli ya jirani na ya pili huzivuta tando mbili hizo mpaka zikawa moja, mfano wa majirani waliobomoa ukuta wa kati, na maradhi yakapita humo humo bila kukutana na kingamwili zilizoko nje. Surua, ndugu wa sotoka, hutenda vivyo hivyo kwa binadamu.

Wako wanaoyahesabu mabadiliko hayo kuwa uharibifu mtupu, nami sikubaliani nao. Walter Plowright na mwenziwe Ferris, wataalamu wa huko Muguga, walivihamisha virusi kutoka chombo hata chombo, mara 90 hivi, mpaka vikapoteza ukali wake kwa ng'ombe. Na ni sura hiyo hiyo ya seli iliyowaonyesha kuwa virusi vingali hai, na kwa kiasi gani, pasipo kulazimika kumwambukiza ng'ombe kwa kila kipimo. Chanjo iliyopatikana ikaenea Afrika na Asia, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani, maradhi ya pili baada ya ndui.